Bawabu Asiyetaja Sababu

Miongoni mwa hitilafu zote zinazoweza kuisibu seva, yaani ile kompyuta kuu ambayo kompyuta nyingine za ofisi huitegemea kwa mafaili, hesabu, barua na kumbukumbu zao, hakuna inayowatia watu fadhaa upesi kama ile ya skrini ya kuingilia: mtumishi anaketi asubuhi mbele ya mashine, anaandika jina lake, anaandika nywila ambayo vidole vyake vimekwisha kuizoea kwa miaka, anabonyeza Enter, kioo kinakuwa cheusi kwa nukta mbili hivi kana kwamba ombi lake limekubaliwa, kisha skrini ile ile inarudi, kisanduku cha nywila kikiwa kitupu, bila ya neno la lawama wala la maelezo. Anarudia, na mambo ni yale yale. Huitwa fundi, na fundi mwenye haraka aghalabu hutoa hukumu moja kati ya mbili: ama nywila imesahauliwa, ama mfumo umeharibika na sharti uwekwe upya. Hukumu ya kwanza humdhulumu mtumiaji, na ya pili huidhulumu data, kwa kuwa wapo waliofuta diski nzima kwa ajili ya kosa ambalo lingeondoka kwa amri ya mstari mmoja.

Makala haya yamekusudiwa kuwaeleza wasomaji wasio mafundi, pamoja na vijana wanaoanza kazi hiyo, ni jambo gani hasa hutokea nyuma ya skrini ile, na kwa nini mara nyingi mtu anapozuiwa mlangoni kosa huwa liko ndani ya nyumba. Mfano nilioutwaa ni wa seva inayoendeshwa kwa Linux, mfumo alioanza kuuandika Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, kwa sababu mfumo huo hupatikana bila ya ada ya leseni, na kwa hiyo umeingia katika shule, hospitali na ofisi ambazo hazina fedha za kumwajiri mtaalamu wa kudumu.

Skrini ya kuingilia ni bawabu wa jumba kubwa. Hana daftari la majina mkononi, wala hana uwezo wa kuamua nani aingie. Yeye hupokea jina na nywila, huvipeleka ndani kwa wenye mamlaka, na wakisharidhika humfikisha mgeni kwenye chumba chake. Programu ya kazi hiyo kwa mfumo wa madirisha uitwao X, ulioanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT cha Marekani, iliitwa xdm na ilitoka mwaka 1988, na hizi za leo, GDM, LightDM na SDDM, zimerithi desturi zake nyingi. Wenye mamlaka wa ndani nao hutazama faili liitwalo /etc/shadow, ambamo nywila haimo hata kidogo, bali imo athari yake tu, iliyopatikana kwa hesabu ambayo hairudishiki kinyumenyume. Robert Morris na Ken Thompson walikwisha kuieleza kanuni hii kwa kirefu mwaka 1979, na kwa mujibu wake hakuna msimamizi, awe na cheo gani, anayeweza kufungua faili hilo akamsomea mtu nywila yake aliyoisahau. Anaweza kumpa mpya, basi.

Sasa likumbukwe jambo moja ambalo ndilo ufunguo wa mengi yatakayofuata. Mgeni akishakubaliwa, kazi haijaisha, bali ndiyo kwanza imeanza: mfumo hufungua folda ya nyumbani ya mtumiaji, huandika humo mafaili madogo ya ruhusa na ya mipangilio, huandika mengine katika folda ya muda iitwayo /tmp, huiamsha kadi ya picha, na mwisho huanzisha programu inayochora meza ya kazi pamoja na madirisha yake. Likishindikana mojawapo ya hayo, kikao chote hufa. Na kikao kinapokufa, skrini ya kuingilia hurudi mahali pake, kwa kuwa ndivyo ilivyoamriwa, kwamba kila kikao kinapokwisha isimame tena mlangoni kumngoja mtu mwingine. Haipambanui baina ya aliyefanya kazi tangu asubuhi hadi jioni akaaga, na yule ambaye kikao chake kimekufa kabla hajaona chochote. Kwake wote wawili wameondoka. Ndiyo maana haisemi neno. Haikumkataa mtu, basi itamweleza nini?

Kisa cha hitilafu iliyoonekana mlangoni ilhali chanzo chake kiko ndani kina umri unaokaribia umri wa nywila zenyewe. Katika chuo hicho hicho cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walitunga mfumo wa CTSS, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961, ambao uliwawezesha watu wengi kuitumia mashine moja ya IBM kwa zamu fupi mno, kila mmoja akahisi kwamba ni yake peke yake. Na kwa kuwa kila mmoja alihitaji faragha ya mafaili yake, kila mmoja alipewa nywila. Katikati ya miaka ya 1960 watu walioingia katika mfumo huo walikuta, mahali pa salamu fupi ya siku ambayo huonyeshwa kila anayeingia, orodha nzima ya watumiaji pamoja na nywila zao. Nani asingeapa kwamba programu ya kuingilia imevunjika? Kumbe ilikuwa timamu. Wasimamizi wawili walikuwa wakifanya kazi kwa wakati mmoja, huyu akihariri salamu ya siku na yule akihariri faili la nywila, na programu waliyoitumia kuhariri ilikuwa imetungwa kwa kudhani kwamba mahali pale hapatakuwa na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati, ikawa inatumia jina lile lile la faili la muda kwa kila kazi; mafaili yakabadilishana, na bawabu akayasoma kwa uaminifu aliyopewa ayasome. Corbató alikisimulia kisa hicho katika hotuba ya tuzo ya Turing aliyotunukiwa mwaka 1990, na mimi ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta akisome kabla hajaruhusiwa kuigusa seva ya watu.

Basi swali la kwanza la fundi na liwe hili: mtu huyu amekataliwa, au ameingizwa kisha akatolewa? Njia ya kulijibu ni nyepesi. Mbele ya seva hubonyezwa Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, na skrini ya picha hupisha skrini nyeusi ya maandishi matupu inayouliza jina na nywila. Au, kama seva iko mbali, mtu huingia kutoka kompyuta nyingine kwa njia ya SSH, ambayo Tatu Ylönen wa Ufini aliitunga mwaka 1995 baada ya nywila kuibwa katika mtandao wa chuo chake. Nywila ikikubaliwa kwa njia hiyo ya maandishi, shauri la kusahau limekwisha, na aliyeshutumiwa anastahili kuombwa radhi. Ikikataliwa, basi kweli mzozo uko kwenye nywila au kwenye akaunti, na hapo nako isidhaniwe mara moja kwamba kumbukumbu ya mtu ndiyo yenye kosa.

Kibodi kwanza. Kibodi ya Kifaransa, ambayo ndiyo ya kawaida Bujumbura, Goma na Lubumbashi, huweka A mahali ambapo ile ya Kiingereza inayotumika Nairobi na Dar es Salaam huweka Q, huweka Z mahali pa W, huihamishia M kuumeni mwa L, na tarakimu zake za safu ya juu hazipatikani ila kwa kushikilia Shift. Seva iliyopangwa kwa kibodi ya namna moja ikaja kuungwa kibodi ya namna nyingine itamkatalia mtu nywila iliyo sahihi mpaka jua lizame, na kwa kuwa herufi za nywila hufichwa kwa vitone, hatauona msiba wake. Dawa ni kuiandika nywila katika kisanduku cha jina, ambako herufi huonekana, pasipo mtu mwingine chumbani, kuitazama, kisha kuifuta. Wala asithubutu kubonyeza Enter, kwa kuwa mfumo unaweza kuliandika jina lisilotambulika katika daftari lake la matukio, na nywila ikabaki humo ikisomeka wazi. Njia hii hii hufichua Caps Lock na Num Lock zilizoachwa vibaya.

Pili ni kufungwa kwa akaunti. Kinga iitwayo pam_faillock, isipobadilishwa, humfungia kwa dakika 10 mtu aliyekosea mara 3 ndani ya dakika 15, na katika muda huo hata nywila iliyo sahihi hukataliwa. Mtumiaji aliyekosea kwa sababu ya kibodi, kisha akarekebisha kibodi, akakataliwa tena, ataamini kwamba kibodi haikuwa sababu, ilhali ndiyo iliyokuwa. Asubiri, au msimamizi amfungulie.

La tatu ni saa, na hili huwapita mafundi wengi. Katika ofisi ambako akaunti zote hutunzwa mahali pamoja, uthibitisho aghalabu hufanywa kwa utaratibu wa Kerberos, uliozaliwa MIT na ambao Microsoft nayo huutumia katika Active Directory. Utaratibu huo hutoa vibali vyenye saa, na kwa kawaida haustahimili tofauti ya zaidi ya dakika 5 baina ya saa za mashine mbili. Ndani ya seva mna betri ndogo ya mviringo ya volti 3 inayoitunza saa wakati umeme haupo. Betri hiyo ikifa, haijulikani, maadamu umeme haukatiki. Lakini katika miji yetu umeme hukatika, na siku unaporudi seva huamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa, ikawakatalia watu wote nywila zao halali. Amri ya timedatectl huionyesha saa ya mashine, na betri yenyewe ni ya bei ndogo kuliko nauli ya fundi.

Turudi sasa kwa yule aliyeingizwa akatolewa, kwa kuwa hapo ndipo penye mambo mengi. Cha kwanza kutazamwa ni diski. Amri ya df -h huonyesha kila sehemu ya diski imejaa kwa kiasi gani, na ikionyesha asilimia 100 mbele ya sehemu yenye mafaili ya nyumbani au ya muda, sababu imepatikana: mfumo umejaribu kuandika lile faili dogo la ruhusa, haukupata nafasi hata ya herufi moja, na kikao kikafa. Hapa pana hila inayowapoteza hata mafundi wazoefu. Katika diski zenye mpangilio wa ext4, ambao hutumika sana katika Linux, asilimia 5 ya nafasi huwekwa akiba kwa mtumiaji mkuu aitwaye root, hata katika diski ya gigabaiti 1000 akiba hiyo hufikia gigabaiti 50. Kwa hiyo watu wa kawaida wanapotolewa nje, root huingia bila ya taabu, na fundi huhitimisha kwamba seva ni nzima na akaunti za watu ndizo mbovu, akaanza kuzifuta na kuziunda upya. Akiba hiyo iliwekwa kwa hekima, ili mwenye nyumba asikose pa kusimama siku nyumba inapofurika, lakini asiyeijua humdanganya.

Na diski imejazwa na nini? Mara nyingi imejazwa na tahadhari yenyewe: nakala za akiba za kanzidata zinazoandikwa kila usiku katika diski ile ile ya seva, bila ya mtu kupanga za zamani zifutwe lini, au madaftari ya matukio katika /var/log yaliyovimba kwa sababu programu fulani inalalamika neno moja mara elfu kwa saa. Anayefuta na ajihadhari, kwa kuwa faili linalofutwa ilhali programu bado inaliandika hutoweka machoni lakini nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo ilifunge au izimwe, na wengi wamefuta faili kubwa, wakaitazama tena df, wakakuta asilimia 100 ile ile, wakadhani diski imerogwa. Iko pia hali ambamo diski ina nafasi tele lakini idadi ya mafaili imefika kikomo chake, kwa mfano pale tovuti inapozaa mafaili madogo mamilioni ya wageni wake bila ya kuyaondoa. Hali hiyo huonekana kwa df -i, si kwa df -h.

Diski ikiwa na nafasi, hutazamwa umiliki wa mafaili. Katika folda ya nyumbani ya mtumiaji, kwenye mifumo mingi inayotumia X, mna faili lililofichwa liitwalo .Xauthority, lenye ufunguo wa nasibu wa biti 128 ambao programu huuonyesha ili iruhusiwe kuchora kiooni. Fundi akiingia kwa skrini ya maandishi na kuliorodhesha kwa ls -l .Xauthority, atauona mstari unaoanza kwa -rw------- kisha yakafuata maneno mawili, ambayo yapaswa yawe jina la mtumiaji na jina la kundi lake. Akikuta mahali pake pameandikwa root root, na asimame hapo hapo. Zile alama za mwanzo husema kwamba mwenye faili tu ndiye anayeweza kulisoma na kuliandika, na yale maneno mawili husema kwamba mwenye faili siye tena mwenye nyumba. Yamkini jana mtu alifungua programu ya madirisha kwa mamlaka ya root kwa kutumia amri ya sudo, na programu hiyo ikaliandika upya faili hilo kwa jina la root. Kikao cha jana kiliendelea vizuri kwa kuwa kilikwisha kuingia, na madhara yakangoja mpaka leo. Akaunti ikiitwa asha, huandikwa sudo chown asha:asha .Xauthority, na Asha huingia. Hakuna kilichofutwa, hakuna kilichowekwa upya.

Folda ya /tmp nayo ina ruhusa zake za pekee, zinazoandikwa 1777, maana yake kila mtu aandike humo lakini asifute cha mwenzake. Mtu akizibadilisha kwa kudhani kwamba anaimarisha ulinzi, huwatoa nje watumiaji wote kwa mpigo mmoja. Na baada ya umeme kukatika ghafula, mfumo wa Linux wa aina ya Debian au Ubuntu ukigundua kwamba mpangilio wa diski umeingia kosa, kwa kawaida huigeuza diski hiyo kuwa ya kusomwa tu, isiandikwe, ili kosa lisienee. Mlangoni hali hiyo hufanana kabisa na ya diski iliyojaa. Hapo kuiwasha na kuizima seva kwa pupa ni hatari. Kwanza inakiliwe data kwenye diski nyingine, kisha ndipo ifanyiwe ukaguzi wa fsck ikiwa haitumiki, na anayeruka hatua ya kwanza kwa sababu mkuu wa ofisi amesimama mlangoni akiuliza kazi itaanza lini, hujiingiza katika dhima kubwa kuliko anavyodhani.

Msomaji atauliza fundi atajuaje ipi kati ya hizi ndiyo sababu, na jibu ni kwamba seva yenyewe imekwisha kusema, isipokuwa haikusemea mlangoni. Kila tukio huandikwa katika daftari la mfumo, na amri ya journalctl -b huyatoa yote tangu mashine ilipowashwa. Mtu ajaribu kuingia, atazame saa, kisha asome mistari ya dakika ile ile: atakuta kwa Kiingereza kifupi kwamba nafasi imekwisha, au kwamba ruhusa imekataliwa, au kwamba diski ni ya kusomwa tu, au kwamba kadi ya picha haikupatikana. Nasikitika kuona jinsi daftari hili linavyopuuzwa. Vijana hodari hutumia asubuhi nzima wakijaribu dawa walizosikia kwa wenzao, ilhali mgonjwa amekwisha kuandika mwenyewe mahali panapomuuma.

Kuhusu kadi ya picha sina mengi. Kiini cha mfumo kinaposasishwa, draiva ya kadi kama ya NVIDIA huweza isiafikiane na kiini kipya, skrini ikabaki nyeusi au ikazunguka, na dawa ni kuiweka upya draiva kutoka skrini ya maandishi. Lakini ningependa kuuliza kwa nini seva ina madirisha. Ubuntu ya seva hutolewa bila ya hayo, na hata Microsoft tangu mwaka 2008 imetoa Windows Server isiyo na meza ya kazi ya kawaida, kwa kuwa kila programu isiyohitajika ni mahali pengine pa kuharibikia na pa kuvamiwa. Kwa amri ya systemctl set-default multi-user.target seva huanza kwa maandishi tu, na tangu siku hiyo nusu ya taabu zilizotajwa hapa hazina pa kutokea.

Pamebaki yule ambaye nywila ameisahau kweli, na seva haina mtu mwingine mwenye mamlaka. Mashine huzimwa kwa utaratibu na kuwashwa, na mara inapoamka hubonyezwa Esc au kushikiliwa Shift ili orodha ya kuwashia itokee; humo huchaguliwa hali ya uokoaji, ambayo humpa aliyeketi hapo uwezo wa root, na katika seva nyingi humpa bila ya kumuuliza neno lolote. Huandika mount -o remount,rw / ili diski iandikike, kisha passwd pamoja na jina lake, na nywila mpya huwekwa. Aliyesoma kwa makini atakuwa amekwisha kuona ubaya wa jambo hili: lililomwezesha mwenye seva litamwezesha na mwizi, au mtumishi aliyefukuzwa jana, mradi awe mbele ya mashine kwa dakika chache. Kwa hiyo seva iliyowekwa chini ya meza ya mapokezi, kama inavyoonekana katika ofisi nyingi, haina nywila kwa maana yoyote ya haki, na kufuli la mlango wa chumba chake ni sehemu ya ulinzi sawasawa na programu. Anayetaka zaidi ya hapo huifumba diski yote kwa LUKS, na hapo hali ya uokoaji haimfai mtu kitu bila ya neno la kufumbulia. Basi neno hilo liandikwe katika karatasi, litiwe katika bahasha, na liwekwe katika kasha la chuma la ofisi, mbali na seva, kwa kuwa likipotea hakuna amri wala fundi wa kulirudisha, na kitakachoiokoa ofisi siku hiyo ni nakala ya data iliyohifadhiwa katika jengo jingine.